Kore nne, makundi 56,092

Kompyuta yangu ina kore nne, yaani sehemu nne za prosesa zinazoweza kukokotoa kwa wakati mmoja, lakini kwa muda mrefu GAP, programu ya hesabu za aljebra, ilitumia moja tu, tatu zikakaa bure. Niliamini kuzitumia zote ni kazi ya wahandisi wenye kujua nyuzi, kufuli na kumbukumbu ya pamoja. Wewe unayesoma aljebra, usisubiri kujua hayo. Kazi nyingi zetu huja zimeshagawanyika.

Nilikuwa natafuta, kati ya makundi yote ya aljebra yenye elementi 256, ni yapi ambayo idadi ya otomofimu zake (njia za kupanga upya elementi bila kubadilisha muundo wa kundi) ni kipeo cha 2, yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Maktaba ya GAP inayo yote, 56,092, na kila moja lina namba yake. Kundi namba 7 halihitaji kujua lolote kuhusu namba 8. Kwa hiyo nilifungua GAP nne, kila moja kwenye terminali yake, kila moja na robo ya namba. Sikubadilisha hata mstari mmoja wa hesabu yenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea. Maktaba huyapanga makundi haya kwa idadi ya vizalishi, yaani elementi chache kabisa zinazotosha kuzalisha kundi zima: namba 1 ni la mzunguko, namba 2 hadi 541 yana vizalishi viwili, na idadi inapanda hadi la mwisho lenye vinane. Makundi mazito hayakutawanyika. GAP moja iliendelea kuhangaika usiku kucha huku nyingine zikiwa zimemaliza zamani. Usigawe kazi kwa idadi ya kore. Igawe vipande vidogo. Sasa nakata mafungu ya makundi 100, yanakuwa 561, na amri ya xargs yenye -P 4 inaendesha GAP nne kwa pamoja: moja ikimaliza, fungu linalofuata linaanza.

Kumbukumbu nayo uiangalie mapema, maana kila GAP inabeba ya kwake. Kwa RAM ya giga 8 naifungua kila moja kwa -K 1500m, kikomo cha kumbukumbu yake, ili ikizidi ife hiyo peke yake badala ya kompyuta nzima kuganda.

Si kila kitu kinakatika hivi. Determinanti ya matriki ya namba nzima inakatika vizuri: ikokotoe kwa moduli ya namba tasa nyingi, kila moja kwenye kore yake, kisha unganisha kwa teoremu ya Kichina ya masalio. Besi za Gröbner, zinazotumika kutatua mifumo ya milinganyo ya polinomia, ni ngumu, kwa sababu polinomia inayopatikana sasa ndiyo inayoamua kazi ya hatua ijayo. Hapo tafuta programu iliyokwisha kutengenezwa na wengine, usianze kuiandika mwenyewe.

Na kila fungu liandike faili lake, likiisha tu. Kabla ya kuangalia jibu lolote nahesabu mistari. Siku moja nilipata 55,892 badala ya 56,092. Mafungu mawili yalikufa kimya kimya kwa kuzidi kumbukumbu. Nikayarudia hayo mawili, moja moja, nikiwa nimeipa GAP giga 6.