Faiba ya nyumbani: 20, 50 au 100?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi nipo Tabata Segerea. Intaneti ya faiba imefika mtaani kwetu, na kijana wa mauzo ametuachia karatasi yenye vifurushi vitatu: megabiti 20, 50 na 100 kwa sekunde. Tupo watano. Baba watoto ni mhasibu, siku nyingine anafanyia kazi nyumbani na vikao vyake ni vya video. Mimi nauza madera mtandaoni, kila jioni narusha video za mzigo mpya. Mkubwa yupo chuo, wadogo wawili wapo sekondari. TV ni moja. Kijana anasema kwa watu watano tuchukue 100. Ni kweli, au anatafuta kamisheni yake?
Mama Watatu, Tabata

JIBU: Salama kabisa, Mama Watatu. Hiyo 100 itawatosha na kubaki, lakini msilipie mnachokiacha kikilala kila mwezi. Chukueni 50, kwa sharti moja nitakalolieleza.

Usihesabu watu. Hesabu wanachotumia ile saa ambayo nyumba nzima ipo hewani, ambayo kwa Dar mara nyingi ni saa mbili usiku, watu wakishatoka kwenye foleni na kula. Filamu ya HD kamili, kwa ushauri wa Netflix wenyewe, inataka megabiti 5 kwa sekunde. Ya 4K, yenye picha kali zaidi, inataka 15. Kikao cha Zoom chenye picha nzuri hakizidi 4 kila upande. Tuseme TV yenu inaonyesha 4K, kikao cha baba kimechelewa kuisha, mkubwa anaangalia somo la video kwa 5, na wadogo wapo YouTube, kila mmoja 5. Jumla ni 34. Kwa 20 picha zitaanza kushuka ubora na kukwama. Kwa 50 mnapumua. Kama TV ni ya HD tu, jumla inashuka hadi 24.

Sasa hilo sharti, maana linakugusa wewe kuliko wote nyumbani. Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi kwa kawaida ni kasi ya kushusha, yaani kuleta vitu kutoka mtandaoni. Wewe unapandisha, yaani unavipeleka. Muulize kijana: kupandisha ni ngapi? Kuna vifurushi vinavyotoa sawa kwa sawa, na kuna vinavyokupa kijisehemu tu. Video yako ya megabaiti 300 ni megabiti 2,400, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Ukipandisha kwa 5, utasubiri dakika 8. Kwa 20, dakika 2. Na katika zile dakika 8 video yako imejaza njia yote ya kupandisha, kwa hiyo baba watoto sauti inamkatika mbele ya mabosi wake, huku TV sebuleni inaenda vizuri tu, na hakuna atakayejua nani wa kulaumiwa. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi zenye ugomvi wa namna hii. Ikiwa ile 50 inapandisha 5 tu, na mtoa huduma mwingine ana 30 inayopandisha 30, mimi ningechukua ya pili.

Halafu kuna kuta, na hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Nyumba moja ya Kinyerezi walikuwa wanalipia 100, chumba cha mwisho wanapata 7. Ruta, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi, ilikuwa imefichwa nyuma ya TV, ndani ya kabati, ukuta wa pembeni, kwa sababu ndipo fundi alipotoboa. Tofali zetu za saruji hazina huruma na Wi-Fi, hasa ile ya masafa ya GHz 5, ambayo ina kasi lakini inachoka ikipita kuta mbili. Ile ya GHz 2.4 inafika mbali zaidi, ila kasi yake ni ndogo na inagombana na ruta za majirani. Tulihamishia ruta koridoni, juu ya mlango, na nyumba ikatulia bila kubadilisha kifurushi.

Kwa hiyo siku ya kufungiwa uwepo nyumbani, na umwonyeshe fundi mahali kabla hajashika drili. Waya wa faiba ni mwembamba, unaweza kutembezwa ndani hadi katikati ya nyumba. Usikunjwe kwa kona kali tu, ndani yake ni kioo. Kabla hajaondoka, chomeka laptop kwenye ruta kwa waya, zimeni Wi-Fi kwenye simu zote, pimeni kasi. Kisha pimeni tena chumba cha mwisho kwa Wi-Fi. Waya ukitoa 50 na chumbani ikaja 9, tofauti ya bei kati ya 50 na 100 inunue kifaa cha pili cha kusambaza Wi-Fi, nacho kiunganishwe na ruta kwa waya.

Jambo la mwisho ni umeme. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12. Angalia lebo ya adapta, nunua betri ndogo ya ruta inayolingana nayo, na TANESCO wakikata, baba anaweza kumalizia kikao.

SWALI: Kijana wangu anacheza mpira mtandaoni na wenzake wa Ulaya. Anasema mchezaji anachelewa kugeuka, niongeze kifurushi kutoka 50 hadi 100. Niongeze?
Baba K, Mbezi Beach

JIBU: Usiongeze, Baba K. Mchezo wenyewe hautumii hata megabiti 5. Kinachomsumbua ni pingi, yaani muda wa taarifa kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, iliyo umbali wa kilomita 10,000 za waya, kwenda na kurudi ni milisekunde 100, na kifurushi chochote hakiwezi kuzipunguza. Aunganishe mashine yake kwa waya badala ya Wi-Fi, na kama mchezo unaruhusu, achague seva ya karibu kuliko Ulaya. Na dada zake wakianza kushusha filamu wakati anacheza, hapo ana haki ya kulalamika.