Kumuaga mbwa aliyebaki kwa mtalaka wako

Dada yangu, umeuliza kama inafaa uvuke Likoni kwa feri hadi kwa mtalaka wako kule Nyali, ukamuage mbwa mliyemlea pamoja kwa miaka 13, ambaye sasa hawezi kusimama na ameshapangiwa sindano ya mwisho. Kwa maoni yangu, nenda. Talaka iliwahusu nyinyi wawili, mbwa hakuwa upande wa mtu. Hata kama haoni vizuri, pua yake huenda bado inakutambua, kwa hiyo usijipulizie manukato siku hiyo.

Mjulishe mtalaka wako saa utakayofika na saa utakayoondoka, wala msifukue ya zamani mbele ya mgonjwa. Kwa kawaida daktari wa mifugo humpa mnyama dawa ya kumtuliza, kisha humdunga mshipani dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, ambayo humpotezea fahamu upesi kabla ya moyo kusimama. Macho hubaki wazi, na pengine mwili hushtuka baada ya uhai kutoka. Nilipomuaga wangu sikuwa nimeambiwa, nikadhani anateseka. Ukiona hutaweza kushuhudia hayo, muage asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Majirani watakaoshangaa kwamba unamlilia mbwa (na mjini kwetu hawakosekani) huna haja ya kuwajibu. Ila muulizeni daktari kuhusu maziko: dawa ile hubaki mwilini, hivyo shimo liwe refu, paka na kunguru wasimfikie.