Ukifika Tazria na Metzora, usiruke

Kila mwaka, karibu na Pasaka ya Kiyahudi, wageni wanaosoma nasi Torati wiki kwa wiki hupungua. Walianza Mwanzo mwezi wa Oktoba, wakavumilia vipimo vya Hema katika Kutoka, wakapita hata sadaka za mwanzo wa Walawi. Kisha inaingia Walawi 12 hadi 15: damu ya uzazi, madoa ya ngozi, kuta zenye mabaka, majimaji ya mwili. Sura hizo ni parasha mbili, yaani mafungu ya Torati ya kusomwa kila wiki: Tazria na Metzora. Mwaka wa kawaida parasha hizi mbili husomwa Sabato moja. Mwaka mrefu wa kalenda ya Kiyahudi, wenye mwezi wa 13, kila moja hupata wiki yake. Wewe uliyebaki, haya ndiyo ningependa uwe nayo mkononi kabla ya kufungua kitabu.

Kwanza, mvue kuhani koti la daktari. Sura ya 13 inamwita akague doa: nywele zake zimegeuka nyeupe? Limeingia ndani kuliko ngozi? Limeenea? Akiwa na shaka, anamtenga mtu siku 7, pengine na 7 nyingine. Msomaji wa leo anaona karantini, anafurahi kwamba Musa alijua vijidudu kabla ya hadubini. Furaha hiyo inaishia mstari wa 13, ambapo mtu aliyegeuka mweupe mwili mzima anatangazwa kuwa safi. Endelea hadi 14:36. Kabla ya kuhani kuingia kuutazama ukuta, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ili visije vikawa najisi pamoja na nyumba. Kama huu ungekuwa ugonjwa wa kuambukiza, hapo kuhani angekuwa anausambaza mtaani.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika sehemu yake iitwayo Negaimu, inalisukuma jambo hili mbele zaidi. Bwana harusi aliyetokewa na doa huachiwa siku zote 7 za harusi yake kabla ya kukaguliwa. Mtu anaweza kukagua madoa yote isipokuwa yake mwenyewe. Na kama kuhani hana elimu ya kutosha, mwanachuoni husimama kando na kumwambia, "Sema: najisi," naye husema. Hapo ndipo unajisi unapoanza, si kabla. Mwenye nyumba naye, hata kama ni msomi na ana hakika na anachokiona, haruhusiwi kusema "nina pigo nyumbani", lazima aseme "naona kitu kama pigo." Kwa hiyo lile neno ukoma lililomo katika Biblia zetu lisikupeleke hospitali. Ugonjwa wa ukoma haushiki vazi la sufu wala ukuta wa mawe.

Pili, usitafute dhambi mahali isipotajwa. Hapa aliyelelewa Pwani anaingia na mtaji. Aliyekaa chuoni utotoni anajua kwamba mwenye janaba hajachafuka kwa kitu cha kukwanguliwa, wala hajakosa. Yuko katika hali fulani, na hali hiyo inamzuia kuswali mpaka aoge. Unajisi wa Walawi uko karibu na hapo. Tofauti ni kile kinachozuiwa: si sala, bali Patakatifu na vyakula vitakatifu. Soma 15:31 polepole, kwa sababu sheria zote za sura hizi nne zinaegemea hapo. Mtu angeweza kuwa najisi wiki nzima, akalima, akauza, akala na wanawe, bila kuvunja amri yoyote. Kosa ni kwenda nayo hali hiyo mahali pa Mungu.

Swali litakalokuja hata hivyo ni la mzazi. Akizaa mtoto wa kiume, siku zake ni 7 na kisha 33, jumla 40. Wa kike, 14 na 66, jumla 80. Mwishoni analeta mwana-kondoo wa sadaka ya kuteketezwa, na ndege mmoja wa ile inayotafsiriwa "sadaka ya dhambi." Alikosa nini? Rabi Shimoni bin Yohai alijibu kwamba katikati ya uchungu mwanamke huapa hatamkaribia tena mumewe. Jibu tamu, ila Talmud yenyewe, kitabu cha mijadala ya marabi kinacholinukuu, ikalipinga papo hapo. Mimi huwaelekeza watu kwenye kazi ya sadaka hiyo: husafisha, na hata madhabahu, ambayo haiwezi kutenda dhambi, husafishwa kwa sadaka ya aina hiyohiyo. Kuhusu 40 na 80, andiko halitoi sababu, na atakayekupa moja kwa haraka mwombe akuonyeshe mstari. Wakristo waangalie pia 12:8: maskini analeta hua wawili au makinda wawili wa njiwa. Ndicho Luka 2 inachokitaja kwa Mariamu.

Sasa chukua karatasi, uigawe safu nne: unajisi unatoka wapi, unapitaje kwa mwingine, unadumu muda gani, unaondokaje. Jaza sura ya 15 peke yako kabla ya kusikiliza mtu. Utaona inaanza na mwanamume mwenye kutokwa kusiko kwa kawaida, ikaja kwa mwanamume wa hali ya kawaida, ikawagusa wawili walio pamoja (mstari wa 18), ikapita kwa mwanamke wa kawaida, ikamaliza na mwanamke wa kutokwa kusiko kwa kawaida. Anayesema sheria hizi ziliwalenga wanawake tu hajaisoma sura hii kwa mpangilio wake. Utaona pia pengo: aliyegusa kitanda cha mwenye hedhi ameamriwa kuoga, lakini mwenye hedhi mwenyewe hatajwi kuoga. Wajibu wake wa kuzama katika mikve (birika la kujitakasa) umetolewa na marabi kwa hoja, na ndio unaoishi hadi leo, ilhali mengi ya mlango huu yalisimama Hekalu lilipobomolewa mwaka 70. Makuhani wa ukoo wa Haruni nao bado hujiepusha na makaburi.

Hotuba za wiki hii karibu zote zitakuwa juu ya umbea, kwa sababu Miriamu alipigwa na pigo hili baada ya kumsema Musa (Hesabu 12). Mapokeo hayo ni ya zamani na mazuri. Ila nimeona yanavyotumika kuruka sura nzima ya madoa, na hilo silipendi. Isikilize hotuba baada ya kujaza karatasi yako.

Usiikose haftara, somo la manabii linalofuata parasha. Tazria ikisomwa peke yake, ni Naamani, jemadari mwenye pigo (2 Wafalme 5). Parasha zikiunganishwa, ni wale wanne wa lango la Samaria (2 Wafalme 7), wenye pigo, waliofukuzwa mjini, ndio wanaogundua kwamba jeshi la adui limekimbia. Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa kule Mbale, Uganda, huwa katika parasha hiyohiyo.

Parasha inayofuata inafungua Walawi 16, kuhani mkuu akiingia kusafisha Patakatifu kutokana na unajisi wote wa Israeli. Nenda na karatasi yako, na 15:31 ikiwa imepigiwa mstari.