Zima Tochi Kwanza

Jumanne nilimkuta kijana wetu mpya, mtoto wa Tanga, tochi ya gesi mkono mmoja, kibano mkono wa pili, na bangili ya Kinavajo juu ya tofali, feruzi yake, lile jiwe la buluu au kijani, ingali ndani. Nilipiga ukelele hadi mteja aliyekuwa mbele ya duka akaangusha funguo. "Kaka, nalehemu ufa tu," kijana akasema. Ufa tu! Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka kumi na moja iliyopita, hapahapa Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani. Basi wadogo zangu mnaoingia benchi la ukarabati wa vito, someni, maana kila mwaka hunijia mmoja anayejua fedha na hajui jiwe.

1. Koleo la chuma haliingii kwenye asidi ya kusafishia fedha. Mnalijua hilo na bado mnalitumbukiza. Fedha ikitoka na rangi ya shaba, msinifuate.

2. Jiwe litoke kwanza. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi nilifunzwa na sonara Mombasa, dhahabu tupu. Mawe machache tuliyoyapitisha motoni yalikuwa yakuti, na yakuti huvumilia. Nikaja huku na kiburi changu chote. Mwezi wa tatu akaingia bibi mmoja wa Kidiné (ni wenyeji wa asili wa huku; Navajo ni jina walilopewa na wengine, wenyewe hujiita Diné), blauzi ya mahameli, bangili kaifunga kwenye leso. Fedha nzito, chapa zimegongwa kwa mkono moja moja, mawe matatu ya kijani, na kwa ndani ufa mwembamba kama unywele. Bosi alikuwa mji wa Gallup siku hiyo. Nikaandika risiti: siku mbili.

Feruzi ni fosfeti ya shaba na alumini, na imebeba maji ndani yake. Hayo nayajua leo. Siku ile nilichokuwa nacho ni lehemu laini, mkono niliouamini mno, na karatasi ya chooni iliyoloa niliyozungushia jiwe la kati. Nikapaka boraksi, dawa ya kusaidia lehemu itiririke, nikawasha. Sasa, hakuna metali inayopitisha joto kama fedha. Ukiunguza upande huu, upande wa pili umeshapata habari. Karatasi ikakauka, ikashika moto. Lehemu ndiyo kwanza inaanza kung'aa, nikasikia tak! ndogo, kama punje ya mahindi kikaangoni. Jiwe la kati vipande vitatu, kijani chake kimegeuka rangi ya chai iliyolala. Kwa kihoro nikaongeza kosa la pili: nikaitosa bangili nzima majini ingali moto. Vumbi la mbao likaelea juu. Mafundi wa zamani walilitandika chini ya jiwe ili lilale vizuri ndani ya bezeli, ule ukingo wa fedha unaolishika. Mimi nikaliona uchafu, nikalimwaga.

Sikumpigia bosi. Nilifungua droo, nikachagua feruzi ya Royston, ile ya Nevada yenye kijani, nikaisugua saa mbili ilingane na wenzake. Nikafunga bezeli. Halafu, ili ufa usijulikane ulipokuwa, nikaing'arisha bangili yote kwenye mashine hadi weusi uliolala ndani ya chapa ukaisha. Weusi wa miaka yote ile, dakika tano. Na nilijipongeza, jamani. Niliona imependeza.

Bibi alipokuja aliigeuza bangili, akapitisha kidole gumba juu ya jiwe, akaisogeza dirishani. Kisha akasema taratibu kwamba hili si jiwe la mama yake. Lile liko wapi? Lilikuwa kwenye kopo la vidonge, nikalitoa. Akavifunga vile vipande kwenye leso ileile, akachukua bangili yake, na pesa tulizotaka kumrudishia akaziacha mezani. Bosi hakunifukuza. Alinipa mabaki ya shaba, na kwa miezi minne kazi yangu ikawa kukata bezeli za mazoezi.

3. Weusi hausuguliwi mpaka mwenye mali aseme. Kitambaa laini, basi.

4. Feruzi haiingii kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo. Wala ndimu, wala dawa ya meno. Nani anawafundisha haya?

5. Mteja akiuliza ni kazi ya nani, soma karatasi ya kitu, usibuni. Vijiwe vyembamba vilivyopangwa kama sindano huenda ni kazi ya Wazuni, wenyeji wengine wa huku, na bamba la fedha lililokatwa picha likawekwa juu ya jingine, fikiria jirani zao Wahopi kwanza. Sheria ya 1990 inasema ukiuza kitu kama kazi ya wenyeji wa asili wa Marekani na si kazi yao, kosa la kwanza linaweza kukupa miaka 5 jela na faini hadi dola 250,000. Mwaka 2018 mfanyabiashara wa mji huuhuu alihukumiwa miezi 6 kwa vito vilivyotengenezwa Ufilipino.

6. Kuhusu kidani cha maua ya boga, kile cha fedha cha Kidiné chenye shanga za umbo la ua. Watalii wakisikia jina langu huniuliza kama ule mwezi mchanga unaoning'inia chini yake, naja, ni hilali ya Kiislamu. Huwa nawajibu: Wahispania walikuja nao kwenye hatamu za farasi, na wao waliuiga kwa Wamori, Waislamu wa Afrika Kaskazini waliowahi kuitawala Hispania, kwa hiyo hamjapotea sana. Na lile "ua la boga" lenyewe hutajwa kuwa ni komamanga la Wahispania. Nilimweleza shangazi yangu wa Mji wa Kale kwa simu, akanyamaza, kisha: "Umevuka bahari zote hizo kwenda kutengeneza makomamanga?" Nikasahau nilitaka kuwaambia nini hapa. Ah, uzi wake: ukagueni kabla hamjakipokea kidani, si baada.

7. Boraksi imekwisha. Aliyeimaliza anajijua.