Fungua mtambo kabla hujafungua pochi

Usitume hiyo hela. Bunduki ya gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe, ya mtindo wa fusil de chasse, bunduki ya uwindaji ya Kifaransa, dola 2,400, "kazi ya mkono asilimia mia", ubao wa mti wa mepo wenye mawimbi, na muuzaji wa Pennsylvania anataka nusu ya bei leo kama kishika uchumba kabla hata hujaishika. Halafu unatuuliza kama uanze na hiyo au Brown Bess, ile ya gumegume ya jeshi la Uingereza, uitundike vipi ukutani, bima ikoje, na kama unaweza kuipeleka Tanga. Mkuu, hayo yote yatasubiri. Kuna swali moja hujauliza na ndilo litakalokula hela yako: huyo bwana ameshakuonyesha mgongo wa mtambo?

Mtambo ni ile sahani ya chuma ubavuni mwa bunduki, yenye nyundo inayoshika jiwe, kisahani cha baruti, na bamba la cheche linalofunika kisahani. Kwenye bunduki za aina hiyo umeshikwa na skrubu mbili tu zinazotokea upande wa kushoto. Kuutoa ni kazi ya dakika mbili. Kwa hiyo kanuni ni hii na sina nyingine: mtambo utoke, ulale mezani, uugeuze, utazame na shimo ulimotoka, ndipo pesa ihame. Muuzaji anayekunyima dakika mbili kwa dola 2,400 ameshakujibu. Usiniulize nimejuaje.

Wanaonikera ni wale walimu wa video na madalali wa maonyesho wanaoimba wimbo mmoja: "Tazama mbao, mbao haidanganyi." Mbao ndiyo mwongo namba moja wa biashara hii! Ubao uliokwishachongwa na mashine unanunuliwa ukiwa umekamilika karibu wote. Mtu anaupaka maji ya chuma kilichoyeyushwa kwenye asidi ya nitriki, anapitisha joto, mawimbi ya mepo yanaibuka yenyewe, anasugua mafuta ya kitani, basi. Ukiiona unataka kulia. Na hiyo mepo yenyewe ni kesi nyingine. Fusil za Tulle, ndizo hizo za uwindaji, zilitengenezwa Ufaransa, zikavuka bahari kwenda Kanada na Louisiana, na ubao wake ulikuwa wa mjozi, vyuma vyake vya chuma kweli wala si shaba, kitako kimeshuka tumbo kama Wafaransa walivyokiita, mguu wa ng'ombe. Mepo yenye mawimbi ni ya bunduki ndefu za Wajerumani wa Pennsylvania. Mtu aliyechanganya hivyo ama hajui anachouza, ama anajua kwamba wewe hujui. Na yale maneno ya tangazo ulilobandika, "kama zilizokuwa Jamestown 1607", ndiyo kabisa. Mtambo wa gumegume wa Kifaransa wenye bamba na kifuniko kipande kimoja unahusishwa na Marin le Bourgeoys wa Lisieux, na ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 17, wakati Jamestown, koloni la Waingereza huko Virginia, ndiyo kwanza inaanza. Wale walowezi walibeba zaidi bunduki za utambi.

Sasa hiyo "kazi ya mkono". Kuna watu wachache mno wanaofua mtutu kutoka kwenye bamba la chuma, wakachonga na kila skrubu. Karakana ya Colonial Williamsburg, ule mji wa makumbusho kule Virginia, inajulikana kwa hilo, na bei yake si ya kwako wala yangu. Mafundi wengi wanaoheshimika hununua mtutu kwa mtengeneza mitutu, vipande vya mtambo vilivyomiminwa kwa mwingine, halafu wao wanachonga ubao, wanapachika, wanapiga tupa, wanagumisha chuma, wanatia sahihi. Hiyo ni kazi ya mkono halali, sina ugomvi nayo. Chini yake kuna vifurushi: kila kitu kimeshachimbwa na mashine, mtu anaunganisha sebuleni. Na chini kabisa zile zinazotoka India, mtutu wa bomba, mara nyingi zinaingia Marekani bila tundu la moto ili zihesabike pambo, halafu mtu anatoboa tundu baadaye kwa drili. Nazo eti zimetengenezwa kwa mkono. Hata maandazi yanatengenezwa kwa mkono. Unachouziwa ni bunduki ya kifurushi kwa bei ya ile yenye sahihi ya fundi, na tofauti yote imejificha nyuma ya mtambo.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Kwanza hakikisha haina kitu ndani. Chukua mdeki, ile fimbo ya kushindilia, uingize hadi ugonge mwisho, weka alama ya penseli pale mdomo wa mtutu unapoishia. Itoe, ilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae kwenye mdomo. Ncha ya mdeki sasa inakuonyesha mtutu unaishia wapi kwa ndani. Ikikomea inchi moja au mbili mbele ya tundu la moto, kuna kitu ndani; weka chini uondoke, usijifanye fundi. Bunduki nyingi za ukutani zimekutwa na baruti na risasi ya mmiliki aliyepita.

Kipimo hichohicho kinakupa jambo la pili, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mwisho wa nyuma wa mtutu umezibwa na kizibo cha skrubu. Tundu la moto linatakiwa liwe mbele kidogo tu ya uso wa hicho kizibo. Kama ncha ya mdeki inakomea mbele ya katikati ya tundu, maana yake tundu limetobolewa ndani ya kizibo. Watakuambia wamechonga kamfereji kwenye kizibo kupitisha moto. Kamfereji hako kanajaa masizi baada ya mashuti machache, unyevu unakaa humo, nyuzi za kizibo zinaliwa na kutu usikokuona, na bunduki inawaka kwenye kisahani bila kulia. Angalia mdeki usiwe na kofia ya chuma iliyopinda ikakudanganya. Tumia fimbo ya mbao iliyonyooka kama huuamini.

Kwa nini nasema ni kosa la gharama kuliko yote? Kwa sababu halirekebishiki bila kubomoa. Tundu limefungwa na mahali kilipo kisahani. Kisahani ni sehemu ya mtambo. Mtambo umefungwa na shimo lililochimbwa kwenye ubao. Ukisema usogeze mtambo mbele, una shimo la wazi nyuma yake na ubao umekufa. Ukisema usogeze mtutu nyuma, ule ulimi wa kizibo unaoingia kwenye ubao hauingii tena, vipini vinavyopita kwenye masikio ya chini ya mtutu havilingani, na ubao wa mbele unazidi mtutu. Ukifupisha kizibo, unapunguza nyuzi zinazozuia moto usikurudie usoni. Fundi mwenye akili atakuambia bei ya kurekebisha inakaribia bei ya bunduki, na fundi asiye na akili atakubali kuifanya. Kwa dola 2,400 unakuwa na pambo, na ukitaka kuiuza kwa mkweli atapima kwa fimbo kama nilivyokueleza, akupe mia tano kwa huruma.

Haya, mtambo. Pandisha nyundo hatua ya nusu, maana ikiwa imelala chini springi kubwa inaweza kubana kwenye ubao na kubandua kipande. Bisibisi iwe na ncha iliyojaa kwenye mfereji wa skrubu, siyo ile ya kufungulia redio. Legeza skrubu zote mbili mizunguko michache, zisitoke. Kisha gonga vichwa vyake taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi, kimoja halafu kingine, mtambo utajisukuma nje sawasawa. Usiingize kitu ukingoni mwa sahani kuukoboa. Muuzaji akiona unafanya hivyo ana haki ya kukufukuza.

Tazama shimo kwanza. Kona zenye mduara sawa, kama zimekatwa na kijiko kimoja, ni mashine. Patasi inaacha kona kali na mistari isiyofanana. Mashine si dhambi, lakini dola 2,400 za "mkono asilimia mia" zimeshakuwa uongo. Ukiona gundi ya kahawia au kijivu imejazwa, jiulize inaficha nini. Mbao nyeusi na laini kama sponji ni mafuta yaliyomwagwa miaka mingi. Halafu angalia pale kisahani kinapogusana na ubavu wa mtutu: panatakiwa pabanane. Kabla ya kuutoa mtambo, jaribu kupitisha kipande cha karatasi hapo. Kikipita, baruti nayo inapita, na ndani ya shimo utakuta masizi. Unaelewa maana ya baruti iliyolundikana nyuma ya mtambo karibu na uso wako, sihitaji kuchora.

Geuza mtambo wenyewe. Kuna kipande cha duara kinachozunguka na nyundo, kina mapengo mawili. Kuna kidole kinachonasa kwenye mapengo hayo. Pengo la nusu liwe na kina, kidole kiingie na kufungika kama ndoana. Kisha rudisha mtambo mahali pake, na jiwe likiwa limetolewa, ukiwa umeshahakikisha hamna kitu, weka nusu na uvute triga: nyundo isianguke wala isijisogeze. Ikianguka, chuma hicho hakikugumishwa au pengo limepigwa tupa na mtu mwenye haraka. Nyundo usiiachie igonge bila jiwe, ishike kwa kidole gumba.

Bamba la cheche linasema haraka. Uso wenye mistari mirefu ya kina, kama umelimwa na jiwe, ni laini. Muuzaji akiruhusu, fyatua mara moja gizani: cheche nzuri ni nyeupe kuelekea njano na zinadondoka kwenye kisahani, nyekundu nyembamba zinazofia njiani ni chuma laini. Atasema ni jiwe bovu, wote husema hivyo, kwa hiyo beba lako. Jiwe jeusi la Brandon, Suffolk, au la njano la Ufaransa, limefungwa ngozi mdomoni mwa nyundo, makali yakigonga bamba sehemu ya juu na kumalizikia yakielekea kisahani. Hili la bamba likiwa peke yake linatibika: linagumishwa upya, au linavalishwa uso wa chuma kigumu. Unapunguza bei, unachukua.

Alama nazo. Kwenye mtutu wa Pedersoli, kiwanda cha Italia, utakuta alama za ofisi ya ukaguzi ya Gardone, pamoja na herufi PN za baruti nyeusi. Hiyo ni ya kiwandani, ni nzuri, ila si ya fundi mmoja. Marekani haina sheria ya ukaguzi wa mitutu, kwa hiyo mtutu wa fundi wa huko kukosa muhuri wa serikali si kosa. Tafuta jina au nembo ya mtengeneza mtutu, na sahihi ya fundi. Ukiona kibonde kilichosuguliwa mahali pa alama, kuna mtu alikuwa na siri. Kama alama zimejificha chini ya mtutu, mwache muuzaji autoe mwenyewe. Vipini vina upande wa kusukumiwa, na ukibandua ubao umeshainunua.

Kutundika: kulala mlalo juu ya vigingi viwili vilivyovikwa kitambaa cha sufu, si ngozi, ngozi inakula chuma. Mbali na hita, maana baridi ya huko kwako Ohio na hita ndani ya nyumba vinasinyaza ubao. Ndiyo maana fundi mzuri huchonga matundu ya masikio ya mtutu kuwa marefu kidogo ili mbao icheze. Sheria ya shirikisho ya 1968 inazihesabu nakala hizi kama za kale zisipotumia risasi za kisasa za ganda, lakini majimbo yana yake. New Jersey ni kichwa kingine kabisa. Na Tanga usithubutu. Kule gobore ni silaha na linahitaji leseni, utamweleza nani uwanja wa ndege kwamba ni sanaa ya Kifaransa? Brown Bess nayo ina mtambo, skrubu mbili, unajua cha kufanya.

Mwandikie huyo bwana usiku huu: nakuja Jumamosi na bisibisi yangu, hela yote taslimu, mtambo ukitoka salama tunamalizana hapohapo. Akisema ana mteja mwingine anayesubiri, mpe heri huyo mteja. Akikubali, piga picha ya mgongo wa mtambo na ya shimo, ubandike hapa kabla hujalipa. Za kitako tumeshaziona.