Nadharia itaniua sikio?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo hapa Temeke. Nimejifunza kwa sikio tu. Majuzi tulipata kazi ya hoteli Masaki, mwimbaji mgeni akataka wimbo wa kii (sauti ya msingi) ya G tuushushe hadi E. Nilipotea jukwaani. Kiongozi anasema nisome nadharia, wenzangu wanasema nadharia inaua sikio. Nimsikilize nani? – Mpiga solo, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wenzako wakuonyeshe kwanza mpigaji mmoja aliyeuawa sikio na nadharia. Ninaowaona mimi wakikwama ni walioanzishiwa mistari mitano ya kuandikia noti, wakakaririshwa majina ya noti kabla ya kuambiwa ni ya kazi gani.

Wewe anzia kwenye wimbo huohuo. Kwenye G kodi zako kuu, yaani noti zinazopigwa pamoja, ni G, C na D. Ziite ya kwanza, ya nne, ya tano. Ukihamia E namba zinabaki vilevile: ya kwanza E, ya nne A, ya tano B. Kodi ya E maina, ambayo kwenye G ni ya sita, inakuwa C shapu maina. Andika kwa namba nyimbo zote mnazopiga, kisha kila mmoja uupige kwenye kii tatu. Inachosha, sikufichi.

Kama uliwahi kuimba kwaya, nusu ya kazi imeisha. Juu ya karatasi ya solfa, ile ya do-re-mi, huandikwa Do ni G, au Do ni F. Do ndiyo ya kwanza, fa ya nne, so ya tano. Wapiga gitaa mnaidharau solfa, eti ya akina mama wa kanisani. Haya.

Halafu kuna wapuliza. Ninyi mnaipenda E kwa sababu ya nyuzi wazi, zisizobanwa na kidole. Tarumbeta ya kawaida ya bendi ni ya B flati: mpigaji akisoma C, inayosikika ni B flati. Mkiwa E, mwenzenu, ili asikike sawa nanyi, yuko F shapu, anahangaika na shapu 6, yaani noti za kupandishwa nusu sauti. Mkipiga F, yeye yuko G, shapu moja tu. Msiseme hajui kupiga.

Mistari mitano isome baadaye, hasa ukiitiwa kazi za kusoma karatasi au ukitaka kuingia chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo. Siku hiyo nenda darasani na gitaa lako. Mwalimu akikuambia uliache nyumbani, tafuta mwingine.