Fizi zinatoka damu na unasukutua kila siku?
Pole dada, dawa ya kusukutua peke yake haitoshi. Bakteria wanaoleta hiyo shida hawaelei tu mdomoni, wanajijengea utando (ukoga), ule utelezi unaousikia ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi, streptokoka (aina ya bakteria) wanashika jino ndani ya masaa machache halafu wengine wanadandia juu yao, sasa dawa inaishia juujuu. Na utando ukikomaa unameguka, vipande vinaenda kuanzisha kambi jino lingine.

Usiogope kupiga mswaki panapotoka damu (wengi ndo wanakosea hapo), tumia mswaki laini na upitishe uzi katikati ya meno. Ila ukoga ulioshakuwa mgumu kama jiwe hautoki kwa mswaki, huo nenda kwa daktari wa meno akakwangue.